Mtani Haombi Radhi

Nirmala alisubiri mhudumu aondoe sahani ndipo akaniuliza. Tulikuwa Segera, kwenye mmoja wa ile migahawa ambayo mabasi husimama ili abiria wale harakaharaka, yeye akitokea Moshi na mimi nikiwa nimeletwa na mjukuu wangu kutoka Handeni, vikongwe wawili wenye magoti mabovu. Tulikuwa tumekwisha kuulizana habari za watoto, za wajukuu, za sukari na za presha. Hatukuwa tumeonana tangu wao walipofunga duka lao Korogwe wakahamia Uingereza. Akasema, kwa Kiswahili chake kilekile cha dukani ambacho hakikuzeeka kwa sababu hakikutumika, "Zaina, mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Siku ile ya Ba. Kwa nini mjomba wako alifanya vile?" Nilimjibu kwamba mjomba alimpenda huyo Ba, bibi yake Nirmala. Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa habari za mvua. Basi lake likapiga honi, tukakumbatiana, hatukumaliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, na sura hii naiandika kwa kuwa jibu lenyewe ni refu na Nirmala hajawahi kuwa na subira.

Ulikuwa mwaka wa kura tatu. Vijana wakilisikia jina hilo hudhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa: serikali ya Mwingereza iliamua kwamba kila aliyeruhusiwa kupiga kura achague watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ukimwacha mmojawapo karatasi yako inatupwa. Maisha yenyewe yalikuwa yamepangwa kwa mtindo huohuo, vyoo kwa rangi, wodi kwa rangi, na shule ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka Handeni na cheti cha darasa la nane ndani ya bahasha, na sikuwa na pa kukipeleka. Nilitaka kuwa mkunga wa hospitali, yule anayebandika saa kifuani, na ukunga ule ulidai darasa la kumi. Shule za wasichana wa Kiafrika zilizofika huko zilikuwa chache na za mbali, na majina yalipoitwa langu halikuwamo. Dakika kumi kwa mguu kutoka chumba nilicholala palikuwa na shule ya Wahindi yenye darasa la tisa na la kumi, madirisha ya vioo, na madawati mengine matupu kabisa. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kuteka maji, na sitasema uongo, nilikuwa na wivu uliokaribia kuwa ugonjwa.

Nilikaa Korogwe kwa mjomba Mhina, kaka wa mama yangu, fundi cherehani. Siku hizo fundi hakuwa na duka lake. Aliweka cherehani barazani kwa Mhindi wa vitambaa, mteja akanunua kitambaa ndani na kutoka nje kupimwa. Mjomba alikuwa ameshona kwenye baraza ya Jayantibhai, baba yake Nirmala, miaka mingi hata miguu ya cherehani ilikuwa imechimba saruji. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye pini mdomoni hata akizungumza, na alikuwa pia katibu wa tawi la chama cha kudai uhuru. Chama kilipotaka watu wa rangi zote washirikiane kuondoa ubaguzi, yeye hakwenda mbali. Alivuka kizingiti akasema, "Jaya, tunaunda kamati. Wewe ndiye Mhindi wetu." Mzungu wao akawa Stavro, Mgiriki aliyekuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, katika shamba moja la jirani. Waingereza hawakumtaka kwenye klabu yao, kwa hiyo alikuja kwetu hasira zikiwa tayari zimeiva. Kamati nzima ilikuwa watu watatu, na mimi niliyeandika muhtasari, maana nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na kazi nyingine.

Walikutana Jumamosi duka likishafungwa, kwenye stoo ya nyuma, kwa sababu hapakuwa na hoteli mjini ambayo ingewauzia chai wote watatu katika meza moja. Nakiona chumba kile vizuri kuliko ninavyoiona sebule yangu: marobota ya khanga mpaka darini, harufu ya bizari na mafuta ya taa, meza ya kukatia vitambaa ikiwa ndiyo meza ya kulia, na sisi tumekalia magunia ya chumvi. Tulikula chapati nyembamba na dengu na achari ya maembe iliyonitoa machozi. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wowote. Jayantibhai alikunywa chai kwenye bilauri yake ya shaba. Mjomba, Stavro na mimi tulipewa vikombe vya bati vilivyotundikwa kwenye misumari nje ya jiko, vikaoshewa nje na kurudishwa nje. Mama mwenye nyumba hakuruhusu viingie jikoni kwake. Walijadili vyoo vya wasafiri kwa saa nzima wakiwa wameshika vikombe hivyo. Siku moja Stavro, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, cha amri, akauliza, "Barua kwa Gavana, tunaandika. Hii kikombe, tunaandikia nani?" Jayantibhai akainamisha kichwa. Mjomba akadakia, "Changu kimetoboka. Mwandikieni Ba anipe kingine." Wakacheka, likapita, wakarudi kwenye vyoo.

Ba ndiye huyo mama mwenye nyumba, mama yake Jayantibhai; kwa lugha yao "ba" ni mama. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, amevaa nyeupe siku zote, funguo kiunoni, miguu mitupu. Kiswahili chake alijifunza kwa kuwauzia Wazigua chumvi huko Handeni kabla ya barabara ya magari, na kilikuwa na Kizigua kingi ndani yake, hasa matusi. Yeye na mjomba walitukanana kila asubuhi. "Wewe mwizi ya uzi!" Ba alipiga kelele kutoka dirishani. "Uzi gani, bibi, na wewe unauza mpaka kivuli cha mlango?" Mgeni angeita polisi. Siku moja mjomba alilitangaza rasmi mbele ya kamati: Ba ni mtani wake. Babu zao walikuja na chumvi, babu zetu wakawapokea kwa marungu, sasa wamezoeana, na utani huanza hivyohivyo. "Siku ukifa, bibi, sikupishi mlangoni," akamwambia. Ba alicheka mpaka akashika mwimo. "Mimi nakufa, wewe nalia kama mbuzi." "Silii. Nitakuvaa." Nadhani Ba hakujua maana ya neno lile la mwisho, na hapo ndipo jibu la Nirmala linapoanzia. Kwetu Uzigua mtu akifa, wafiwa hukaa tu. Kazi ni ya watani. Mtani huvaa kama marehemu, humwigiza mwendo na sauti, huizuia maiti njiani, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Kukasirika ni mwiko. Msiba usio na mtani ni msiba wa mtu aliyeokotwa.

Kamati ilichoka kuandika barua ambazo hazikujibiwa. Stavro akasema tutafute mlango mmoja, mmoja tu, ambao rafiki yetu ameshika ufunguo wake, na tumpitishe mtu mmoja. Mlango ukawa shule ya Wahindi, kwa kuwa ilikuwa na halmashauri yake ya wafanyabiashara watano na mwenyekiti wake alikuwa Jayantibhai. Mtu akawa mimi. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye muhtasari. Katika wale watano, wawili walikubali, wawili walikataa, kwa hiyo kura ya mwenyekiti ndiyo ingekata. "Basi tumemaliza," mjomba alisema. "Bado," Jayantibhai alijibu. "Iko kaka yangu, iko wazee. Ngoja mimi naongea polepole." Kikao kikapangwa mwezi uliofuata. Wiki zile walinijadili nikiwa nimekaa palepale, kama mbuzi wa mnadani: nifunge kitambaa kichwani au niache, nijibu Kiingereza au ninyamaze, je, hesabu yangu itatosha. Stavro alinifundisha aljebra kwa chaki juu ya ile meza ya kukatia. Nirmala, rika langu, alinipa vitabu vyake kupitia dirisha la stoo, akidai nivirudishe kesho yake bila alama ya kidole. Sikuulizwa lolote, na wala sikutaka kuulizwa. Nilichotaka ni wao wasikosee.

Ba alifariki zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya kikao. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Habari ilitufikia kabla hatujanywa uji, na mjomba akakaa kitandani muda mrefu ameshika kofia yake. Kisha akaniita. "Zaina, wewe nyumba ile umeingia kuliko mimi. Nijibu kweli. Ba ni mtani au si mtani?" Nirmala aliwahi kunisimulia msiba wa babu yake, jinsi nyumba ilivyonyamaza siku nyingi, jinsi hakuna aliyewasha jiko, jinsi hata mtoto aliyecheka uani alivyopigwa kofi. Nilikuwa nayajua hayo. Nimejitahidi miaka yote kusema sikuyakumbuka asubuhi ile, lakini niliyakumbuka. Niliwaza kwamba mjomba asipokwenda, watu wa Korogwe watasema Mhina alikula kwa bibi yule miaka yote na kumzika hakumzika, na Jayantibhai ataumia, na ataumia wakati nilipokuwa namhitaji. Nikasema, "Ni mtani, mjomba." Mimi ndiye niliyemfunga ile shuka nyeupe, nikamvutia upindo kichwani kama Ba alivyouvuta, nikamtundikia funguo zetu mbili kiunoni.

Wahindi huwahi kuzika, au tuseme kuchoma, kwa kuwa Ba alikuwa Mhindu na maiti yao hupelekwa mtoni ikachomwe. Wanaume walikuwa wamejaa barabarani wamevaa nyeupe, wanawake ndani wanalia, na Ba akatolewa juu ya machela ya mianzi, uso wazi, maua shingoni. Mjomba alikuwa amekaa kizingitini. Hakuna aliyemtambua mwanzoni. Akainuka, akaupinda mgongo, akapiga zile hatua fupi za miguu mitupu, akatikisa funguo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Ba mwenyewe, ya dirishani: "Nani nafunga duka yangu mchana? Nani nachota sukari? Jaya! Iko wapi mwizi ya uzi?" Alikuwa analia. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni, na hakuacha. Wazigua waliosimama upande wa pili wa barabara, wateja wa Ba wa miaka na miaka, walipiga vigelegele kwa shukrani, kwa sababu hatimaye msiba umekuwa msiba. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama inavyotakiwa, na nikamwona Nirmala mlangoni ananitazama. Wabebaji walisimama. Sauti ya mjomba ikaendelea kudai sukari. Kisha Ratilal, kaka yake Jayantibhai, akamsukuma kwa mikono miwili, mjomba akaanguka kwenye mtaro, na maiti ikapita.

Jioni ileile Ratilal aliibeba cherehani mwenyewe akaiweka barabarani. Mjomba aliikuta imefunikwa vizuri kwa turubai, sijui na nani. Mjini zilizagaa habari mbili tofauti kuhusu jambo moja. Kwenye maduka ilikuwa kwamba katibu wa chama amemdhihaki maiti wa Kihindi, na hayo ndiyo mtakayoyaona uhuru ukija. Sokoni ilikuwa kwamba Mhina amemzika Mhindi kiutu, naye akalipwa kwa kusukumwa. Stavro alikwenda huku akaeleza, akaja huku akaeleza, na kote akaambiwa haya si ya Wazungu. Kamati haikukutana tena. Mimi niliendelea na aljebra peke yangu, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Jayantibhai alikuja kwetu siku za maombolezo zilipokwisha, kichwa kimenyolewa, kupitia uani ili asionekane. Nilikuwa nyuma ya pazia, nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. "Mhina," alisema, "mimi najua. Ba mwenyewe angecheka. Lakini wao hawajui. Kuja, sema neno moja mbele yao. Sema radhi. Mimi tapata nguvu ya kupiga kura kwa mtoto huyu." Mjomba akasema polepole, bila pini mdomoni, "Jaya, niombe kitu kingine. Mtani haombi radhi. Nikiomba radhi nimekiri kwamba siku ile nilikuwa namtukana mama yako. Sikumtukana. Nilimzika." "Najua." "Sasa unataka nikamtukane leo?" Walikaa hivyo, watu wawili waliofahamiana kuliko ndugu, kila mmoja akiwa na haki yake, na mimi nyuma ya pazia nikiwachukia wote wawili sawasawa. Alipoondoka nilitoka nikamwambia mjomba neno ambalo hadi leo silipati pa kulificha. Nilimwambia, "Kumbe yule bibi maiti ana thamani kuliko mimi niliye hai."

Siku ya tatu mjomba alivaa kanzu na kofia ya Idi, akaniambia nimfuate. Ilikuwa stoo ileile, marobota yaleyale, lakini sasa walikaa Ratilal na wale wanne wa halmashauri, viti vimeletwa, na Jayantibhai pembeni kana kwamba naye ni mgeni. Mjomba alisimama katikati. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na nilikuwa nimejiandaa kusikia hotuba. Alisema tu, "Nilikosa. Naomba radhi kwa mama yenu," akatazama sakafu. Jayantibhai akajifunika uso. Ratilal alishukuru kwa adabu, nasema kweli, kwa adabu kabisa, akaagiza chai, na chai ikaja katika kikombe cha bati. Mjomba alikishika mpaka kikapoa. Tulipotoka aliniwekea mkono begani akatembea kama mtu mwenye mtoto wa jicho, na tulipopita barazani pale palipokuwa na mashimo manne ya miguu ya cherehani alisema, "Leo ndiyo nimemtukana yule bibi, na hayupo wa kunirudishia."

Nirmala alikuwa ameniambia pale Segera, kabla sahani hazijaondolewa, akikoroga chai isiyo na sukari, jinsi kikao kilivyokwenda. Wawili walisema ndiyo, wawili wakasema hapana, wakamgeukia baba yake. Baba yake akafungua mdomo, akamtazama kaka yake, akaufunga. Hakupiga kura yoyote. Sare ikahesabiwa kuwa hapana. Nirmala alilisimulia hilo kwa kumtetea baba yake, kwamba hakunikataa, na mimi niliitikia kwa kichwa kwa sababu tumezeeka na safari yake ilikuwa ndefu. Lakini mimi nilipata barua. Ililetwa na tarishi, imepigwa chapa, kwa Kiingereza, mistari mitatu: nafasi zimejaa, halmashauri inasikitika. Mjomba alikuwa amehamishia cherehani chini ya bati la jirani, anashona sketi ya shule, ya buluu, ambayo hakuna aliyemwagiza. Kiingereza hakukijua. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Wanasemaje?" Nilimtazama mtu yule aliyekuwa ametoa kitu ambacho kwetu hakitolewi, akakitoa kwa ajili yangu na kwa sababu ya ulimi wangu, na sikuweza. Nikasema, "Wamekubali radhi, mjomba. Wamesema mwaka huu wameshajaza. Mwaka kesho." Akapumua, akatia tena mguu kwenye cherehani.

Mwaka kesho niliolewa Handeni. Sikulazimishwa, ila pia sikuwa na cha kusingizia nikatae. Uhuru ulikuja, miezi ikapita mmoja baada ya mwingine, na hatimaye ikatangazwa kwamba shule zote nchini ni za watoto wote, hakuna tena ya Mhindi wala ya Mzungu. Mjomba alisikia redioni kwa jirani, akapanda basi asubuhi yake. Nilikuwa napukuchua mahindi uani, mtoto wangu wa kwanza mgongoni na wa pili tumboni, nilipomwona anaingia karibu anakimbia, mtu mzima yule. Tangu siku ya Ba hakuwa amemtania mtu yeyote, hata Wasambaa, watani wetu, waliokuja kumchokoza, na nilikuwa nimekwisha kuizoea sura yake ile iliyofungwa. Siku hiyo ilikuwa imefunguka. Hakungoja hata nimwamkie. "Umesikia? Umesikia, Zaina? Imechukua muda, lakini radhi yangu ilifika!" Akacheka, akafuta jasho, akamtazama mtoto mgongoni, akanitazama tumbo, na nikaona macho yake yanaanza kuhesabu miaka. Nikamwahi kabla hajafika mwisho. "Ndiyo, mjomba," nikasema. "Ilifika."